Masua ya Götzen: namna ilivyozamishwa na namna ilivyoinuliwa

Mutu anayeshuka kutoka Bijombo kwenda Uvira anatembea muda mrefu katika majani na ukungu, kati ya malisho ya ngombe, pasipo kuona maji yoyote isipokuwa vijito. Kiisha anafika kwenye ukingo wa mulima, na gafula inchi inafunguka mbele ya miguu yake: kushoto bonde la Ruzizi, mbele milima ya Burundi, na katikati Tanganyika yenyewe, ikienda kusini mpaka macho yanachoka. Usiku taa za wavuvi wa ndagala ni nyingi kule chini hata mugeni anafikiri ameona muji.

Ni pahali pale tulipopumzika siku moja pamoja na vijana watatu wa seminari ndogo, waliokuwa wakirudi shuleni nyuma ya likizo. Masua moja ilikuwa ikipita mbali. Kijana wa kwanza akasema: «Babu yangu alisimulia kwamba Wadachi walificha masua yao ya chuma ndani ya ziwa hili wakati wa vita, na nyuma ya vita walirudi kuichukua, ikatoka nzima.» Wa pili akamucheka: «Chuma kikizama kimezama. Hayo ni maneno ya wachawi.» Wa tatu alinyamaza. Mujomba wake alipotea katika boti iliyotoka Kalundu kwenda Baraka. Boti haikuonekana tena, wala watu wake. Kiisha akatuuliza: «Padri, kama ile iliinuliwa, kwa nini hizi nyingine haziinuliwi?»

Tuliwajibu vibaya, kwa sababu sisi wenyewe hatukujua habari hiyo sawasawa. Katika miaka yetu ya seminari kubwa tulijifunza majina ya wafalme wa Wafranki na vita vya Kartago, na hatujuti. Lakini juu ya vita vilivyopigwa katika ziwa tunalonywa maji yake hatukusikia zaidi ya maneno mawili. Basi tumetafuta, tumesoma, tumepima. Sasa tunawajibu wale vijana watatu, na wasomaji wetu pamoja nao.

Tuanze kwa kusema kwamba kijana wa kwanza alisema kweli nusu. Masua ilikuwako. Ilijengwa mwaka wa 1913 katika kiwanda cha Meyer, muji wa Papenburg, kaskazini ya Ujerumani. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Urefu wake ni meta 70 hivi na upana wake meta 10. Masua kubwa namna hiyo haiwezi kupita muto wala njia yoyote ya kufika kwetu. Kwa hiyo mafundi, walipokwisha kuiunga kule kwao, waliifungua tena kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku 5000. Masanduku yalipita bahari kutoka Hamburg mpaka Dar es Salaam, na kutoka pale yakapandishwa katika gari la moshi. Reli ya Wadachi ilikuwa imefika Kigoma mwanzo wa mwaka wa 1914. Wajenzi watatu wa Papenburg walifuata muzigo wao: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Kule Kigoma, pamoja na mafundi Wahindi na wafanyakazi weusi wengi, walianza kuiunga mara ya pili, musumari kwa musumari. Vita vya dunia viliwakuta katika kazi hiyo. Tarehe 5 Februari 1915 masua ilishushwa majini.

Juu ya jina lake tuseme neno moja. Gustav Adolf von Götzen ni yule aliyepita Rwanda mwaka wa 1894, akaona Kivu, akaingia Kongo. Baadaye, toka 1901 mpaka 1906, alikuwa gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi, na wakati wake vilianza vita vya Maji Maji, ambavyo watu wengi sana walikufa kwa bunduki na zaidi kwa njaa. Watu wale walitumaini kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji. Miaka kumi nyuma yao, masua yenye jina la gavana ndiyo iliyokwenda chini ya maji. Hatutaki kufanya mithali kwa jambo hilo, lakini tulipolisoma tulisimamisha kalamu kidogo.

Wakati wa vita ziwa lilikuwa mara ya kwanza mali ya Wadachi. Mwezi wa Agosti 1914 masua yao ndogo Hedwig von Wissmann ilikuja Lukuga, karibu na muji tunaouita leo Kalemie, ikaharibu masua ya Wabeleji Alexandre Delcommune. Toka siku hiyo askari wa Kidachi waliweza kuvuka ziwa walipotaka, na pwani yetu yote iliishi katika hofu. Wabeleji walikuwa na masua nyingine kubwa ya kuunga, Baron Dhanis, lakini haikuwa tayari kwa wakati.

Musaada ulikuja kwa njia isiyofikiriwa. Waingereza walitoa boti mbili ndogo za mbio, majina yao Mimi na Toutou, wakazipeleka kwa bahari mpaka Cape Town, kwa gari la moshi mpaka Katanga, na kutoka Fungurume wakazivuta juu ya milima ya Mitumba. Wasomaji wa Bijombo wajue kwamba milima ile ni ukoo mumoja na milima yetu hii. Anayepanda kwetu na muzigo kichwani anaweza kufahamu maana ya kuvuta boti katika njia hizo. Walikata miti, walijenga madaraja, walifunga ngombe na mashini za moshi mbele yake. Wenyeji walivuta kamba, walibeba maji na mizigo. Kiisha ikafuata reli kipande, muto Lualaba, tena reli, mpaka Lukuga. Mukubwa wa safari, komanda Spicer-Simson, amesifiwa na kuchekwa katika vitabu vingi. Wale waliovuta kamba hawakusifiwa wala kuchekwa. Hakuna aliyeandika majina yao.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo mbili ziliipiga masua ndogo ya Kidachi Kingani. Ilifikishwa pwani ikiwa karibu kuzama, tundu lake likazibwa, ikapewa jina la Fifi, ikaanza kupigana upande wa wale walioikamata. Tarehe 9 Februari 1916 ikawa zamu ya Hedwig von Wissmann. Hiyo ilizama katika maji marefu, na haikurudi tena. Tunaomba musomaji akumbuke masua hizi mbili, Fifi na Hedwig, kwa sababu tutazihitaji mbele kidogo.

Ilibaki Götzen. Ilikuwa na muzinga mumoja mukubwa wenye historia ya ajabu. Masua ya vita ya Kidachi Königsberg ilikuwa imejificha katika matawi ya muto Rufiji, karibu na bahari. Waingereza waliipiga, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wenyewe waliizamisha. Lakini maji hayakuwa marefu pale. Mizinga yake kumi ilitolewa, ikatiwa magurudumu, ikasambazwa katika inchi. Mumoja ulifika Kigoma na kufungwa juu ya Götzen. Basi silaha ya masua hii ilitoka katika masua nyingine iliyozama. Mwaka wa 1916 jeshi la inchi kavu liliutaka muzinga ule. Ukaondolewa, na pahali pake wakasimamisha muzinga wa uongo uliochongwa kwa mbao. Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia masua hiyo. Hakujua kwamba muzinga ulikuwa muti.

Wakati huo majeshi ya Wabeleji yalikuwa yamekwisha kuvuka Ruzizi, chini ya macho ya milima yetu, na kuingia Usumbura mwezi wa Juni 1916. Nyuma ya kila askari walikwenda wapagazi wa Kivu na Maniema, na wengi hawakurudi. Ndege za maji za Wabeleji ziliruka kutoka upande wa Albertville kutupa mabomu juu ya Kigoma. Mukubwa wa Wadachi katika ziwa, kapiteni Gustav Zimmer, aliona kwamba muji hautaweza kushikwa. Akaamuru masua izamishwe.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Kuna namna mbili za kuzamisha. Mutu anayetaka kuharibu anatia baruti chini ya tumbo la masua, inapasuka, imekwisha. Mutu anayetumaini kurudi anafanya vingine. Rüter na wenzake walipaka mashini zote mafuta mazito, kila chuma kilichosagana na chuma kingine, ili maji yasipate njia ya kukila. Walijaza muchanga ndani ya masua, ishuke kwa uzito wake pasipo kupinduka, na mawimbi yasiitikise huko chini. Kiisha waliingiza maji polepole. Ilikuwa tarehe 26 Julai 1916, karibu na pahali muto Malagarasi unapoingia ziwani, kusini ya Kigoma. Masua ilikaa juu ya sakafu ya ziwa, katika kina cha meta 20 hivi. Siku mbili baadaye Wabeleji waliingia Kigoma.

Wanaosimulia habari hii wanapenda sana kusifu yale mafuta. Sisi tunafikiri sifa kubwa ni ya mahali. Tanganyika ina kina cha meta 1470. Katika dunia nzima ni Baikal tu inayoipita. Tena pwani zake, pahali pengi, hazishuki kama sahani, zinashuka kama ukuta. Mulima unaouona juu ya Uvira unaendelea chini ya maji vile vile. Mutu akizamisha chuma mbali kidogo na pwani, amekitupa pahali ambapo mukono wa mutu haukufika wakati ule na kwa shida unafika leo. Hedwig na mafuta yote ya dunia isingerudi. Lakini mbele ya midomo ya mito mikubwa, kama Malagarasi, muchanga na matope ya miaka elfu nyingi vimetengeneza sakafu pana isiyo na kina kikubwa. Pahali pale masua inaweza kulala na kungojwa. Tena maji yetu ni matamu. Hayana chumvi ya bahari inayokula chuma upesi, wala hayana wale wadudu wa bahari wanaotoboa mbao za masua.

Ikalala hapo. Juu yake vita vilikwenda mbele: Tabora ikakamatwa mwezi wa Septemba 1916, jeshi la Wadachi likakimbilia kusini. Tarehe 21 Julai 1917, masua ikiwa bado chini, upande huu wa ziwa, kule Baudouinville, Askofu Roelens alimuwekea mikono Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu hizi. Katika vitabu vinavyosimulia vita vya ziwa hatukuona siku hiyo ikitajwa. Tunaiandika hapa, kwa sababu kwa watu wa pwani hii ni kubwa kuliko siku za mizinga.

Sasa kijana wa pili, yule aliyesema chuma kikizama kimezama. Hakukosa kusoma Maandiko. Anajua kwamba nabii Elisha alielelesha chuma cha shoka katika Yordani, na kwamba ilikuwa muujiza. Lakini hapa hatuhitaji muujiza. Masua ya chuma inaelea kwa sababu tumbo lake limejaa hewa: inasukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake, na maji yanaibeba. Archimedes alifahamu jambo hilo miaka zaidi ya mia mbili mbele ya Kristu. Masua inazama maji yanapochukua pahali pa hewa. Kwa hiyo anayetaka kuiinua hana kazi nyingine ila kurudisha hewa. Kusema ni rahisi.

Kwanza anapaswa kuitafuta. Mashahidi wakiwako, anawauliza. Wasipokuwako, anafunga risasi nzito kwenye kamba, anapima kina meta kwa meta, au watu wawili katika mitumbwi miwili wanavuta kamba ndefu yenye uzito kati yao, wakipita na kurudi kama mulimaji na jembe lake, mpaka kamba inase. Wavuvi wetu wanajua pahali pote nyavu zao zinaponasa; katika pwani yoyote ndio watu wa kwanza wa kuulizwa. Siku hizi kuna mashini zinazotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake, lakini kazi ni ile ile ya kupita na kurudi.

Kiisha wapiga mbizi wanashuka. Kila meta 10 za maji zinaongeza uzito sawa na uzito wote wa hewa iliyo juu yetu. Basi katika meta 20 mwili unabanwa karibu mara tatu kuliko pwani. Katika miaka ile mupiga mbizi alivaa kofia ya shaba na viatu vya risasi, na wenzake juu walimupelekea hewa kwa pampu ya mukono. Wakichoka, anakufa. Akipandishwa upesi kupita kiasi, hewa iliyoingia katika damu yake inatoa mapovu kama chupa ya bia iliyofunguliwa, na anaweza kubaki kilema. Chini kule anaziba kila tundu, kila mulango, kila dirisha. Muchanga unapaswa kutolewa. Minyororo inapitishwa chini ya tumbo la masua, inafungwa kwenye matangi au mitumbwi mikubwa ya chuma iliyojazwa maji. Maji yakitolewa ndani ya hiyo mitumbwi, inapanda na kuvuta muzigo wake pamoja nayo. Masua inasogezwa hivyo, polepole, mpaka maji mafupi. Hapo pampu zinaanza kunyonya, na siku moja uti wa mugongo wa chuma unaonekana juu ya maji.

Waliojaribu kwanza kuiinua Götzen walikuwa Wabeleji, na katika masimulizi mengi wanasahauliwa. Mwaka wa 1918 waliitoa chini, wakaikokota mpaka Kigoma. Ilikuwa kazi kubwa, na wangestahili heshima yake yote, kama wasingeiacha pale ikingoja. Mwaka wa 1920 zoruba iliipiga, ikazama mara ya pili. Mutu asiyeijua Tanganyika anashangaa. Sisi tunaojua pepo za hapa wakati wa masika hatushangai. Masua iliyoinuliwa ni kama mugonjwa aliyetoka kitandani. Ukimuacha musafiri peke yake katika baridi, ataanguka. Katika miaka ile Wabeleji walijua pia kwamba Kigoma haitabaki mikononi mwao, na waliipatia Waingereza mwaka wa 1921. Inawezekana mutu hatengenezi sana nyumba anayokaribia kuhama. Hilo ni wazo letu tu. Mwenye wazo bora atuambie.

Waingereza waliiinua mara nyingine, na mara hiyo haikuanguka tena. Tarehe yake ni 16 Machi 1924. Walipofungua mashini, waliona kwamba zile nyuma ya miaka karibu minane zilikuwa bado za kufaa, pamoja na mitungi mikubwa ya kuchemsha maji ya muvuke. Mafuta mazito yalikuwa yamefanya kazi yake. Ilihitaji miaka mingine mitatu ya matengenezo. Tarehe 16 Mei 1927 masua ilirudi katika kazi, na jina jipya: Liemba. Ni jina ambalo Livingstone alilisikia mwaka wa 1867 kwa watu wa kusini, waliloita ziwa hilo. Basi jina la gavana liliondoka, likaingia jina ambalo wenyeji walilipatia maji yao. Hilo halikufanywa kwa kuwapendeza wenyeji, tunafikiri, lakini lilifanyika.

Kwa hiyo babu ya kijana wa kwanza alikosea katika neno moja: Wadachi hawakurudi kuichukua. Waliificha kwa matumaini, na adui zao wakavuna. Rüter aliyepaka mafuta alikuwa akiwatunzia Waingereza mashini pasipo kujua.

Liemba ilifanya kazi muda mrefu kuliko serkali zote zilizoitumia. Ilibeba wachuuzi, mahindi, samaki kavu, wagonjwa, maharusi, kutoka Kigoma mpaka Mpulungu katika Zambia, na katika miaka mingine mpaka bandari za kaskazini. Pahali pengi hakuna gati. Masua ilisimama katika maji marefu, na mitumbwi ilitoka kijijini kuizunguka, watu walipanda kwa ngazi na kelele. Mwaka wa 1997, nyuma ya vita vilivyomuondoa Mobutu, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliitumia kurudisha kwao Wakongomani waliokimbilia Kigoma. Ilibeba watu zaidi ya 75.000 katika miezi mitano. Wako katika parokia zetu wazee na mama waliovuka hivyo. Mwaka wa 2015 ilikwenda Kagunga kuchukua Warundi waliokuwa wamejaa katika kipande kidogo cha pwani pasipo maji safi wala pa kulala. Masua iliyotengenezwa kwa kutisha pwani yetu ilibeba watoto wa pwani yetu.

Sasa tufike kwa kijana wa tatu. Tumechelewesha swali lake kwa sababu ni gumu.

Boti zetu hazifanani na Götzen. Ni za mbao, zinapakiwa kupita kiasi, zinaondoka usiku. Zinapozama, mbao zinapasuka na muzigo unatawanyika. Mara nyingi hakuna kitu kizima cha kuinua. Tena zinazama pahali pa ukuta ule tuliousema, si mbele ya muto wenye sakafu. Hizo ni sababu za kweli, na tunapaswa kuzitoa kwanza, ili tusiwalaumu watu kwa kosa la mulima.

Lakini si zote. Götzen iliinuliwa mara mbili kwa sababu serkali mbili zilikuwa na haja nayo, na zilitoa franka na pauni. Hakuna mutu aliyekuwa ndani yake. Ilikuwa chuma na muchanga. Kumbe watu wanaweza kutafuta chuma kwa miaka, na wasitafute watu kwa juma moja. Tarehe 3 Oktoba 1924 haikuwa. Tunasema tarehe 3 Oktoba 2024, nyuma ya miaka mia moja kutoka siku ile ya Liemba, boti iliyotoka Minova ilizama karibu ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliosimama bandarini kungojea ndugu zao. Wengi walikufa. Upande mwingine, katika ziwa Victoria, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara mwezi wa Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya mia mbili, wahandisi wa Tanzania walikigeuza na kukivuta mpaka inchi kavu nyuma ya siku chache. Basi inawezekana, pahali penye maji mafupi na watu walioamua.

Padri wa pwani anajua jambo ambalo vitabu vya masua havisemi. Tumesoma Misa ya wafu mara nyingi pasipo sanduku, pasipo kaburi. Mama wa marehemu anakaa mbele, na mwisho wa Misa hatoki, kwa sababu hajui aende wapi. Kanisa linaombea marehemu popote alipo, na bahari itarudisha wafu wake kama alivyoona Yoane katika Ufunuo. Tunaamini hivyo, na tunalihubiri. Hata hivyo tumeona wajane wanaokataa kuvaa nguo za matanga mwaka muzima, wakisema labda boti ilipelekwa na upepo mpaka Burundi. Kama kungekuwa na karatasi moja tu yenye majina ya abiria na saa ya kuondoka, na mutu wa kuandika pahali wavuvi walipoona mbao zikielea, wale mama wangejua angalau ni maji gani ya kuangalia. Karatasi hiyo haihitaji mashini ya Papenburg. Wakubwa wa bandari wanaweza kuidai kesho asubui, na maparoko wa pwani wanaweza kuwakumbusha.

Tumeandika habari hii kwa yale tuliyoweza kupata, na tunaona mapengo yake. Mashini za muvuke zilizotunzwa kwa mafuta zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, ndipo zikaondolewa na kuwekwa za mazutu. Kilichobaki cha mwaka wa 1915 ni mwili wa masua, zile bamba na misumari iliyopigwa Kigoma na watu ambao majina yao hatuna. Vile vile hatuna majina ya waliovuta Mimi na Toutou, wala ya wapagazi waliovuka Ruzizi. Wako wajukuu wao. Tunaomba wasomaji wa Uvira, Baraka, Fizi, Kalemie na Moba, na wanafunzi wa seminari wakati wa likizo, waulize wazee nyumbani: nani alikwenda, kutoka kijiji gani, alibeba nini, alirudi au hakurudi. Andikeni jina la mwenye kusimulia na jina la kijiji, na mutume kwa muhariri. Na wavuvi wa Kalundu wanaojua pahali nyavu zinaponasa, watuambie hapo pia.